Karabini ya Mzee Orville

Enid, Oklahoma
9 Machi

Mwanangu mpendwa Tressa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako mzima na bado ananipangia maisha. Vipi huko Montana, theluji imewaachia au bado mnachimba njia ya kutokea mlangoni? Jumapili ulipopiga simu nilisikia sauti tu, maneno sikuambulia. Masikio yangu niliyaacha kiwandani na kwenye uwanja wa shabaha. Wewe andika tu, ndiyo tunaelewana.

Nina swali, wala si langu. Klabuni kuna mzee anaitwa Orville, mpigaji bastola hodari, tena mtu wa sura nzuri. Siku hizi mkono wa kulia unamtetemeka. Daktari amesema hautamuua, lakini hautatulia tena. Mwaka jana kwenye shindano la Septemba aliona afadhali akae kwenye kiti aandike alama za wenzake. Sasa anataka kujua kama ile bunduki fupi unayotumia wewe, inayokula risasi za bastola, hiyo karabini yenu, inaweza kumfaa. Nimemwambia ule ni mchezo wa watoto. Mikono miwili na bega juu, nani atakosa? Hasikii. Anasema akikalia kile kiti na mwaka huu, hatainuka tena.

Basi mweleze achague ipi na aifunge vipi. Kwa ufupi, maana hana subira.

Baba yako

*

Billings, Montana
21 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako imenichekesha, asante. Sisi wazima. Theluji ipo, breki za mabehewa zinaganda na mimi ndiye wa kuzigombeza. Mama hajambo? Mbusu kwa niaba yangu.

Mpe pole Mzee Orville. Mwambie asinunue kwa sura. Aangalie kwanza bastola yake inakula magazini gani, yaani kile kisanduku cha risasi, kisha atafute karabini inayokula magazini hizo hizo, la sivyo atakuwa anajaza kabati upya. Mtutu uwe mwembamba. Uzito ukikaa mbele, mkono wa kushoto nao utaanza kucheza. Kitako kiwe cha kurefusha na kufupisha, akipime mpaka shavu likae lenyewe bila kutafuta. Kifyatulio chepesi. Risasi za kichwa kizito na baruti kidogo, zinasukuma bega taratibu. Yale mabomba ya kufunga mdomoni mwa mtutu kupunguza mrusho aachane nayo, kwa risasi ndogo vile yanaongeza kelele tu. Halafu juu afunge kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu. Unaweka nukta juu ya kitu, unafyatua. Mkono ucheze utakavyo, anayeshika ni bega.

Na kuhusu mchezo wa watoto, kuna mzee mwingine aliniambia hivyo hivyo mbele ya kikosi kizima cha wapigaji shabaha, na jioni yake nilimshinda. Akasingizia upepo.

Huyo Orville anatumia bastola gani, kwani?

Binti yako

*

Enid
17 Aprili

Mwanangu Tressa,

Natumaini mko salama. Huku mvua imeshuka vizuri, na mama yako amepanda bamia kila mahali mpaka pa kuegesha gari.

Orville anatumia bastola kama yangu. Imetokea tu. Ameshanunua, na nikamsaidia kuifungua hapa mezani. Nimepiga msasa pale risasi inapopandia, nimebadilisha springi, nimefupisha kitako. Kitambaa cha meza kimeingia mafuta, na hilo nitalisikia mpaka Krismasi. Silaha ni nzuri, sikufichi. Inakaa begani kama paka.

Ila hicho kioo chako ni wizi mtupu! Nukta si nukta, ni nyanya iliyokanyagwa. Tumekirudisha dukani. Wakaleta kingine, nyanya ile ile. Nimewaandikia, yaani Orville amewaandikia, maneno ambayo mama yako amekataa kuyapeleka posta. Orville amekata tamaa kabisa. Kama mambo ndiyo haya, anasema, bora kiti.

Baba yako

Tressa, hakuna Orville. Ni huyu huyu baba yako. Amekaa dirishani amefumba jicho moja anaichungulia nguzo ya umeme. Usimwambie kama nimekwambia. Mama

*

Billings
26 Aprili

Shikamoo Baba,

Sisi wazima, namshukuru Mungu. Hongera kwa kazi ya mezani, pole kwa kitambaa.

Kabla Orville hajamaliza maduka yote ya Oklahoma, ajaribu jambo moja. Aweke simu pale anapoweka jicho, apige picha ya ile nukta. Ikitoka nyanya kwenye picha, kioo ni kibovu na mimi mwenyewe nitawaandikia. Ikitoka duara safi, kioo ni kizima. Basi ni jicho lake.

Mwambie na hili: jicho si tabia, hakuna wa kumlaumu. Nampenda huyo mzee, nampenda sana. Septemba nataka kumwona ameshika bunduki. Kalamu waachie wengine.

Binti yako

*

Billings
19 Juni

Shikamoo Baba,

Mbona kimya? Mama akipiga simu anasema unakula, unalala, unakata majani. Nikimuuliza zaidi anaanza habari za bamia. Kama nilikukwaza, nisamehe. Kama hukukwazika, basi acha kuninunia.

Nimeomba likizo ya Septemba. Klabu yenu imefungua uandikishaji wa shindano, nikajaza majina mawili, kikosi kimoja. La pili si Orville.

Tressa wako

*

Enid
8 Julai

Mwanangu mpendwa,

Sijambo, na sikununii. Orville amefariki. Nimemzika mwenyewe, msiba ulikuwa mdogo na hapakuwa na chakula.

Nilipiga ile picha siku ile ile barua yako ilipofika. Ikatoka duara safi, duara kama sarafu. Nikaitazama, nikaifuta, nikapiga nyingine. Halafu nikaisukuma bunduki chini ya kitanda. Mkono nilikuwa nimeshaukubali, Tressa. Lakini kuambiwa na jicho nalo, siku moja, na simu! Nilikasirika, nikakukasirikia hata wewe, halafu nikaona haya kukuandikia. Ndiyo sababu ya kimya.

Mama yako ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa macho. Aliniambia tunakwenda kununua mbolea. Daktari anasema jicho limepinda mbele, si duara tena, kwa hiyo taa yoyote ndogo naiona imetawanyika. Nikamwonyesha picha ya karabini, kumbe naye ni mwindaji. Akaniambia nitafute kioo ambacho alama yake imechorwa ndani ya kioo chenyewe, haitegemei taa. Nimekifunga. Sasa naona msalaba mwembamba, mweusi, umenyooka. Nililia kidogo gereji, usimwambie mtu.

Halafu nikaenda uwanjani, nikaaibika upya. Sahani za chuma za mbali naziangusha zote. Lakini kwenye zile shabaha za kadibodi za karibu, ambako kadi nyeupe ya mateka asiyetakiwa kupigwa imefunika nusu ya chini, kila risasi inaingia kwa mateka. Dewitt, msimamizi wetu, akauliza kwa sauti, "Verlin, hawa watu wamekukosea nini?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ila bado sijui tatizo ni nini.

Ninachoogopa si kukosa. Naogopa kusimama pale mkono ukicheza mbele ya watu walionijua nikiwa mzima.

Baba yako

*

Billings
20 Julai

Shikamoo Baba,

Mungu amlaze Orville pema. Nitamkumbuka kwa sura yake nzuri.

Fundi wa vyuma maisha yako yote, na hukuchukua rula! Jicho lako liko juu ya mtutu, kama inchi mbili na nusu. Kule mbali ulikorekebishia kioo, mstari wa jicho na njia ya risasi vinakutana. Hapa karibu bado havijakutana, risasi inapita chini ya pale unapotazama. Kitu cha hatua chache, lenga juu zaidi, utosini kabisa, ndipo utamwacha mateka arudi kwa watoto wake. Kila mtu anayetoka kwenye bastola anafanya kosa hilo. Mimi nililifanya mwaka mzima.

Na usisahau kile kibendera cha njano cha kuziba chemba, kuonyesha haina risasi, ukiitoa bunduki begini. Wakikutoa mchezoni kwa kibendera, mimi sikujui.

Kuhusu mkono, sina la kukudanganya. Utacheza, na watu wataona. Nitakuwa nyuma yako.

Binti yako

*

Enid
3 Oktoba

Mwanangu mpendwa Tressa,

Natumaini mlifika salama na gari halikuwasumbua. Mama yako anauliza kama pai yake ya njugu za pekani ilifika nzima au mliimaliza njiani, Kansas.

Umenishinda, tena vibaya. Nimeona matokeo, nimeyabandika gereji niyakasirikie kila asubuhi. Nimekuwa wa nne kutoka mwisho, na mmoja wa wale walio chini yangu ni daktari wa meno.

Lakini nataka nikuambie jambo ambalo siku ile sikuweza, maana watu walikuwa wengi. Mwaka jana Dewitt alipoita jina letu, "Haskamp!", niliinuka. Miguu iliinuka yenyewe, kwa mazoea. Halafu nikakuona wewe unapita na bunduki yako, nikakumbuka ni wewe unayeitwa, nikakaa na kalamu yangu. Hakuna aliyeona.

Safari hii akaita "Haskamp!" tukasimama wote wawili. Dewitt akatutazama, akakuna shingo, akauliza, "Yupi?" Mkono ulikuwa unacheza, kila mtu anauona, hata kibendera cha njano kilikuwa kinacheza. Nikasubiri useme kitu. Uliketi tu, ukaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Nikaenda. Nilifurahi, Tressa, sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo. Nilifurahi mpaka nikasahau kulenga juu, nikampiga mateka wa kwanza.

Baba yako