Sipigi Mpira wa Pili

Baba, shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikaacha nafasi chini yake, kama tunavyosubiri kwenye simu mtandao unapochelewa. Leo asubuhi shangazi Elieshi alinipigia kutoka Moshi, akasema hujisikii vizuri, nijitahidi kuja. Nikamwomba niongee na wewe. Akasema umelala. Huko kwenu ilikuwa saa kumi jioni.

Wewe hulali mchana. Ulikuwa unasema usingizi wa mchana ni wa watoto wachanga na wazee wa kanisa wakati wa mahubiri.

"Amelala tangu saa ngapi, shangazi?"

Nikasikia sauti nyingi nyuma yake, na mlango ukifungwa. "Mwanangu, wewe njoo tu. Na usisafiri peke yako. Huna mwenzako wa kukusindikiza?"

Tangu hapo nimekaa kwenye kiti kilicho karibu na begi lako la gofu. Uliliacha kwangu Novemba, ulipokwenda kukagua nyumba yako ya Marangu, ukaniambia nilitunze mpaka Februari, utakaporudi twende jangwani kama kawaida yetu. Nimelikumbatia kama mtu. Lina harufu ya vumbi la Arizona mpaka leo.

Unakumbuka tulivyoanza? Mama alipotuacha akahamia Texas, sherehe ya Krismasi ya Watanzania wa hapa ilikushinda. Ulisema pilau lake ni tamu lakini maswali yake ni mengi. Ukakata tiketi za Arizona, tukaondoka nyumbani Blaine theluji ikiwa imefika madirishani, wewe na mimi na fimbo zako. Gofu ulijifunza kwa ajili ya ofisi yako ya Eden Prairie, ambako ulisema mambo huamuliwa kwenye majani kabla hayajafika mezani. Baba Anna, jirani yetu, alikucheka mbele ya watu. "Injinia, sisi Wachagga jua ni la kuanikia kahawa. Wewe unalifuata kupigia mpira?"

Ukamjibu, "Kahawa nimeanika utoto wangu wote. Sasa zamu ya mifupa."

Mimi niliuogopa uwanja ule wa jangwani tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kukuambia. Sikuogopa nyoka, ingawa palikuwa na kibao kinachoonya kuhusu nyoka wenye njuga mkiani. Niliogopa jinsi majani yalivyokoma ghafla. Hatua hii unakanyaga zulia la kijani linalomwagiliwa kila siku, hatua ya pili ni mawe, miiba, na yale makaktasi marefu yaliyonyoosha mikono juu. Wewe ulisema yanafanana na watu waliosimamishwa na polisi. Nilicheka, lakini niliendelea kuutazama ule mpaka. Hakukuwa na kitu katikati. Unaishi hapa, halafu huishi.

Na mpira wako ulipenda kwenda huko.

Ulinifundisha kanuni. Ukihofia mpira umepotelea jangwani, unaruhusiwa kupiga wa pili palepale uliposimama, kabla hujaenda kuutafuta wa kwanza. Ukiupata wa kwanza, wa pili unauokota tu, hauhesabiwi. Usipoupata, unaendelea na wa pili. Na muda wa kutafuta ni dakika chache. Zikiisha, wa kwanza umepotea hata ukiuona mguuni pako.

Kila mtu alikuwa anapiga wa pili. Wewe ulikataa. Mzee mmoja wa Kizungu tuliyepangwa kucheza naye alikushauri kwa upole uupige, usije ukajirudisha nyuma bure. Ukamshukuru, kisha ukanigeukia kwa Kiswahili. "Mwambie sijafiwa. Nikipiga wa pili nimeshauzika wa kwanza. Kwanza tutafute."

Halafu ukaingia miibani, ukigongagonga mawe kwa fimbo ili nyoka wakusikie. "Hodi humu ndani," ulikuwa unasema. "Hodi, wenyewe. Tunaomba mpira wetu."

Mimi nilibaki ukingoni, kwenye majani, nikishikilia usukani wa kile kigari cha kuzungukia uwanja na kuitazama kofia yako nyeupe. Ulipoinama nyuma ya kichaka, kofia ilizama, nami nikaita.

"Baba?"

"Naam, mama."

Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Kofia ilizama tena.

"Baba?"

"Nipo."

Kila msimu wa baridi tuliurudia mchezo huo, mpaka nikawa mtu mzima nisiye na kisingizio cha kukuita. Niliendelea kukuita. Nawe uliendelea kujibu, bila kuniuliza naogopa nini.

Kisha ukaja ule mwaka wa bibi. Ulikuwa umeshajipanga kupiga, simu ikalia. Alikuwa shangazi Elieshi huyu huyu. Nilisikia upande wako tu. "Anaumwa nini? … Nipe niongee naye. … Amelala?" Ukasema ndiyo mara kadhaa, ukairudisha simu mfukoni, ukapiga mpira. Mpira ukaenda jangwani moja kwa moja. Nikakaa tayari kukufuata ukingoni.

Hukwenda. Ulichukua mpira mwingine mfukoni ukauweka chini. Ukapiga wa pili, baba. Mara ya kwanza katika maisha yako.

"Bibi yako amefariki," ukasema.

"Shangazi amesema hivyo?"

"Amesema anaumwa kidogo."

"Basi anaumwa."

Ulikaa kwenye kigari. Jua lilikuwa linawaka na mikono yako ilikuwa baridi. "Msiba hapewi mtu aliye peke yake, mama. Wanakupa ugonjwa, usafiri nao. Msiba unaukuta nyumbani, kwenye watu wa kukushika." Ukatazama kule mpira wa kwanza ulikozama. "Wakikwambia ni hivyo, wamekuonea huruma. Usiwaone waongo."

Ulikuwa sahihi. Bibi alikuwa amefariki tangu jana yake.

Sasa unaelewa kwa nini nimekaa na begi lako.

Najitahidi kufikiri kama ulivyonisomesha, kwa kupima ushahidi. Watu huumwa. Dawa huleta usingizi. Inawezekana kabisa kwamba saa hizi umelala kweli, umegeukia ukutani, ukikoroma. Lakini kundi letu la ukoo kwenye simu, lile linaloamka kila siku na maua na mistari ya Biblia, halijatoa neno tangu jana. Najua inavyokuwa. Linafunguliwa kundi jingine, na mhusika hayumo. Leo saa tatu binamu yangu aliandika kitu kwenye kundi la zamani. Kabla sijakifungua, kikafutwa. Nimebaki kuukodolea macho ule mstari unaosema ujumbe umefutwa. Sijawahi kuogopa maneno kama ninavyoyaogopa hayo ambayo sikuyasoma.

Wanjiru, Mkenya ninayeishi naye hapa mtaani Phillips, ameomba ruhusa kazini. Ni muuguzi, haombi ruhusa ovyo. Amenitafutia tiketi ya kesho na amenipangia sanduku, kwa kuwa mimi nilikuwa nakunja blauzi ile ile na kuikunjua. Nikamwona ameweka chini kabisa lile gauni langu jeusi.

"Hilo la nini?"

"Weka tu, Aika. Si lazima ulivae. Usipoli-need utarudi nalo."

"Wamekuambia nini?"

"Nani aniambie? Mimi nafanya packing bana." Alisema hivyo akiitazama zipu.

Nimelitoa gauni, baba. Nimelirudisha kabatini na kufunga mlango. Mahali pake nimeweka kofia yako nyeupe, niliyoitoa begini mwako. Najua si jambo la akili. Mwanamke niliyesoma miaka yote hii, naamini kwamba nikilibeba gauni jeusi nimekuzika, na nisipolibeba utakuwa hai. Naona aibu kuliandika. Lakini ulinilea wewe, na wewe ulikuwa hupigi wa pili kabla hujatafuta.

Saa sita Baba Anna alinipigia. Akaniuliza kama nipo nyumbani, maana wangependa kupita kunisalimia.

"Leo Jumanne, Baba Anna?"

"Kwani Jumanne watu hawasalimiani?" Ni maneno ya utani, lakini alisahau kucheka. Kutoka Blaine mpaka hapa, siku ya kazi, barabara zikiwa barafu tupu.

Nikaanza kukuandikia hapo hapo.

Naandika karibu na dirisha. Chini wamefika. Magari yameegeshwa moja nyuma ya jingine kando ya kilima cha theluji, na hakuna aliyepiga honi. Mama Anna ametoa sufuria iliyofungwa kwa kanga. Wanawake wengine wawili wamemshika mikono asiteleze. Baba Anna amefika mlangoni wa kwanza, naye amevua kofia. Januari, baba, nje, katika baridi hii ambayo huku hata mlevi hawezi kuivulia kofia. Ameishika kifuani anawasubiri wenzake.

Wanjiru amesimama nyuma yangu. Ameweka mkono begani kwangu na hausogezi.

Kengele imelia. Wakiingia nitakuwa nimezungukwa na watu wa kunishika, na najua mtu huzungukwa hivyo kwa ajili gani. Kwa hiyo nina dakika hizi chache tu, wanazopanda ngazi, na ndani yake bado hakuna aliyeniambia kitu. Bado ninatafuta. Niko ukingoni, miguu kwenye majani, nikitazama mahali kofia ilipozama.

Hodi humo ndani.

Baba?

Mimi mwanao,
uliyemwita mama