Chaza Wana Kipimajoto, Mwanangu Ana Sweta Mbili

Jumamosi, Februari 2009

Jua limetoka mapema na mimi nimeamka na hasira ya jana. Nilidhani nikilala itaisha. Nimekunywa chai nayo, nimefua nayo, na sasa nimeketi nayo mbele ya kompyuta hapa cyber ya Adams, mwanangu Mumo akiwa mapajani.

Wairimu ndiye aliyenifungulia hii blogu. Aliniambia, "Mama Mumo, wewe andika tu vile unaongea." Basi naandika vile naongea.

Kama ni mara yako ya kwanza hapa, mimi naosha matanki kwenye maabara moja karibu na Loresho. Ndani hakuna samaki. Kuna chaza, wale wa gamba gumu wanaoshikamana na mawe ya pwani. Wanaletwa na basi la usiku ndani ya sanduku la barafu. Wairimu anasomea digrii yake ya pili, na hao chaza ndio somo lake. Nilipoanza kazi nilimuuliza, eti mtu anasoma nini kwa kitu kisicho hata na kichwa. Alicheka, lakini alinieleza.

Bahari ikipwa, chaza anabaki juu ya jiwe na jua linampiga. Hana miguu ya kumpeleka kivulini. Anafunga gamba anangoja. Sasa ndani ya mwili wake kuna protini, vitu vidogo hata macho hayawezi kuona, na kila moja imekunjwa kwa umbo lake. Ni lile umbo linaloifanya ifanye kazi. Joto likizidi zinaanza kufumuka, kama sweta iliyovutwa uzi. Hapo chaza anatengeneza protini zingine, ambazo kazi yao ni kuzishika zile zinazofumuka na kuzikunja upya. Wairimu huziita yaya.

Niliipenda sana hiyo. Nilifika nyumbani nikamwambia Baba Mumo kwamba hata chaza ana yaya.

Wairimu ana matanki mawili. La kwanza maji yake ni ya kawaida. La pili analipasha joto kila mchana. Baadaye anakata kipande kidogo cha nyama ya chaza, anakisaga juu ya barafu, anakipitisha kwa mashine, na mwisho kunatokea mistari. Mmoja ni wa wale yaya. Kwa chaza wa joto, mstari huo ulitoka mweusi na mnene. Nikamwambia, "Hawa wako na nguvu. Wamezoea."

"Hawajazoea," Wairimu akasema. "Mstari ukiwa mnene hivyo, jua yaya hawalali. Wanamaliza chakula chote cha mwili. Hebu angalia magamba."

Nikaangalia. Nilikuwa nimewasugua kila siku na sikuwa nimeona. Walikuja kwa basi moja na wenzao wa tanki la kwanza, lakini sasa walikuwa wadogo kuwaliko. Wairimu akasema chaza akipigwa na joto mara moja halafu apumzishwe, anatoka akiwa mgumu kidogo, joto lingine halimwangushi haraka. Lakini kila siku, bila nafasi ya kujitengeneza, haongezeki, hatoi mayai, anajila mwenyewe polepole. Na kwa macho huwezi kujua, kwa sababu amefunga gamba na ametulia.

Ametulia. Hilo neno ndilo limeninyima raha.

Jana stima ilipotea. Jenereta ikawaka yenyewe, kwa sababu joto la tanki la kwanza haliruhusiwi kubadilika hata kidogo. Kuna kipimajoto ndani ya maji na kengele ukutani. Chaza hawakujua hata kama kulikuwa na shida. Lakini mashine ya mistari ilikuwa imezimika katikati ya kazi, Wairimu akanuna, akaniambia niende nyumbani mapema. Mimi nilifurahi. Nilijiona na mchana mzima na mtoto wangu.

Mumo huwa namwacha kwa Mama Shiru, Kawangware, pamoja na watoto wengine wa plot tunayopanga. Ni chumba kimoja cha mabati. Mama Shiru si mtu mbaya, wacha niseme hivyo kwanza. Anawaosha, uji wake si maji matupu, na sijawahi kumsikia akimtukana mtoto.

Nilisukuma mlango na joto likanipiga usoni kama la sufuria iliyofunuliwa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Chini ya mlango kulikuwa na gunia la kuzuia upepo. Watoto walikuwa wamelazwa safu moja kwenye godoro, na kila mmoja ana sweta, kofia ya sufu na soksi. Mumo alikuwa na sweta mbili na shali juu yake. Nywele zilikuwa zimelowa zikashika kichwa. Macho yalikuwa wazi.

Aliniona na hakulia. Hakuninyoshea mikono. Aliniangalia tu.

Nikaanza kumvua.

"Mama Mumo, unafanya nini?" Mama Shiru akasema. "Huyo atashikwa na baridi."

"Baridi gani? Gusa hii mabati."

"Upepo ndio mbaya. Niumonia haingoji mvua."

"Amelowa kama nguo, Mama Shiru."

"Na ako sawa, si unamuona? Kitambo alikuwa ananilia mpaka unarudi. Siku hizi ametulia. Amezoea."

Nilisimama pale na ile sweta mkononi, nzito kwa jasho. Nikamwambia afungue dirisha.

"Kwani hapa ni Loresho kwa matajiri?" akaniuliza. "Nikifungua, vumbi ya barabara inaingia, mtoto anakohoa, mamake anakuja kunipigia makelele. Na hiyo sweta ni nani aliniletea? Si ni wewe?"

Ni mimi. Niliichagua mwenyewe, na nikachagua nzito kuliko zote. Mamangu akipiga simu kutoka kwetu, kabla hata ya salamu kuisha anauliza, "Umemfunika?" Kanisani wanauliza hivyo. Hata mtu msiyejuana, mkipishana njiani, atakuvutia shali ya mtoto na kukuangalia vibaya. Tangu nimzae Mumo hakuna aliyewahi kuniuliza kama mtoto anaona joto. Na wiki iliyopita, alipoacha kulia nikimwacha asubuhi, nilimshukuru Mama Shiru. Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu.

Nikambeba Mumo nikatoka naye. Nilikaa kwenye kivuli cha kioski nikampa titi. Alinyonya muda mrefu sana, bila kupumzika, akiwa amenishika kidole.

Jioni nikamwambia Baba Mumo. Yeye anachoma nyama Kenyatta Market, na akirudi nyumba yote inanuka moshi na mafuta.

"Sasa hiyo ni maneno?" akasema. "Mimi nasimama kwa moto kutoka asubuhi. Mwanzo ilinisumbua, nikazoea. Na yeye atazoea."

Nikamshika mkono. Nywele za mkono ziliungua zote kitambo, na ngozi imekuwa kama kiatu. Huyu mtu tulipooana alikuwa anaimba akioga. Siku hizi analala kwa kiti kabla sijapakua, na mtoto anampapasa magoti mpaka anachoka anatambaa zake.

"Wewe hujazoea," nikamwambia. "Wewe umefunga gamba."

"Kumbe siku hizi nimekuwa chaza?"

"Afadhali chaza. Chaza ako na kipimajoto."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akaangalia mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Kisha akauliza swali ambalo ndilo limenikalia kichwani mpaka sasa.

"Jumatatu utampeleka wapi?"

Nisikilizeni vizuri. Sina ubaya na chaza. Nawaosha kwa mikono yangu na nawapenda. Kinachoniuma ni kwamba mtu alikaa chini akafikiria chaza anasikiaje akiwa ndani ya joto, akamwekea kengele, na mimi mama wa mtoto nikatosheka na kimya chake. Maji ya plot yakikosekana, keateka anayesimamia nyumba anatuambia tutazoea. Choo kikijaa, tutazoea. Ukiuliza, unaonekana wewe ndiye mlaini. Na sasa tumeanza kumwambia mtoto asiyejua hata kusimama.

Leo asubuhi nilimpata Wairimu kwa simu. Akasema nyuma ya stoo ya maabara kuna veranda yenye kivuli na upepo, nikiweka mkeka pale nitamuona Mumo kutoka kwa matanki. Lakini Daktari mwenye maabara lazima akubali, na Daktari hapendi mtoto karibu na nyaya. Wairimu ameniahidi atanisindikiza ofisini.

Kwa hivyo Jumatatu naenda kazini na Mumo mgongoni. Daktari akikataa, nitarudi naye hivyo hivyo mgongoni, na kazi nitaiacha huko. Naogopa, siwezi kudanganya. Lakini hicho chumba Mumo harudi. Na kesho tukitoka kanisa nitapita kwa Mama Shiru. Siendi kupigana. Naenda na pazia ya neti, apate kufungua dirisha bila vumbi, na nitawatafuta mama za wale wengine, kwa sababu nilimtoa wangu na wale nikawaacha na kofia zao.

Mumo sasa hivi ana vesti peke yake. Mama mmoja anayechapisha barua hapa kando ameshaniambia, "Madam, funika mtoto." Nimemwambia hana baridi. Amesonya.

Na sasa Mumo ametaka mausi ya kompyuta. Nimemnyang'anya. Ameanza kulia, si kulia kidogo, amefungua mdomo wote na kichwa amerusha nyuma. Cyber yote imegeuka. Kijana wa kaunta anasema, "Mathe, tuliza mtoto."

Nitamnyonyesha, naweka tu nukta. Hii sauti sijaisikia tangu wiki iliyopita. Wacha kwanza alie.