Mabango ya Mjomba Boakye

Asafo, Kumasi
3 Machi 2023

Mpwa wangu Antwi,

Natumaini barua pepe hii itakukuta mzima huko Tema, na joto la pwani halijakumaliza. Sisi huku tunapumua. Goti langu la kulia linabishana nami kila nikipanda ngazi, ila nyumba nzima wazima na wanakusalimu.

Sasa tuseme la kusema. Wiki iliyopita ulikuja ukatuwekea ile programu yako ya mabango ya misiba kwenye kompyuta mpya za Windows, kwa kuwa mashine mpya ya kuchapa haielewani na zile za zamani zenye Linux. Uliandika marehemu wa uongo mbele yangu, mabango yakatoka safi kabisa. Ukala fufu, ukashiba, nikakusindikiza kituoni mwenyewe. Sidhani basi lako lilikuwa limefika hata Nkawkaw, vituko vikaanza.

Walikuja watoto wa marehemu mmoja, wamevaa nyekundu na nyeusi, macho bado yamevimba. Mwanangu Barima akaandika jina la baba yao, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa. Kubonyeza tu, pap! Programu ikajifunga yenyewe, tukabaki tunaangalia ile picha ya mlima inayokaa kwenye skrini ikiwa tupu. Akaandika tena, ikajifunga tena. Mmoja wao akaniuliza, "Mzee, baba yetu ndiye anaiogopa hii mashine, au mashine ndiyo inamwogopa baba?" Watu wakacheka, Antwi, ndani ya msiba! Wakavuka barabara kwenda kuchapisha kwa Madam Dufie, na tangu siku hiyo ni hivyo hivyo kwa kila anayeingia. Nyuma siwezi kurudi, mashine ya zamani nilishaiuza.

Sikutuhumu. Nauliza tu: kitu kinachofanya kazi ukiwepo na kufa ukiondoka, tukiiteje? Unajua Pasaka ukoo utakaa, na nitaulizwa duka hili namwachia nani. Kwa mila zetu ni wewe, mtoto wa dada yangu, siyo Barima niliyemzaa. Jina lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Usinifanye nilimeze.

Mjomba wako,
Boakye Ansah


Tema
5 Machi 2023

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima, ila sijui kama imeniacha hivyo. Pole kwa goti. Paka ile dawa niliyokuletea, usiiweke kabatini kama pambo.

Umesema hunituhumu, halafu umenituhumu kuanzia juu mpaka chini. Haya. Nimeketi na kompyuta yenye Windows kama hizo zenu. Nimeandika marehemu wa kubuni chungu nzima, wanaume kwa wanawake, wenye majina mafupi na wenye majina marefu kama treni. Mabango yote yametoka. Kwa hiyo kama huko inagoma na huku haigomi, tofauti ni mashine au ni mikono. Mashine nilizikagua mwenyewe. Mikono je?

Mjomba, sitaki kusema sana. Siku ile naweka programu, Barima alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani, akaniuliza, "Kaka, hii ukimaliza ndiyo utatutoa humu dukani?" Nilicheka nikadhani ni utani. Naona sasa aliyecheka ni mimi peke yangu.

Fanya hivi: mtume Barima mbali, kaa kwenye kiti mwenyewe, uandike mwenyewe. Kisha uniambie.

Mpwa wako,
Antwi


Asafo, Kumasi
9 Machi 2023

Antwi,

Marahaba. Tu wazima, na dawa naipaka, inanuka kama petroli.

Nimefanya ulivyosema. Nilimtuma Barima Kejetia akanunue karatasi, nikakaa mwenyewe, vidole viwili hivi. Akaingia bibi mmoja wa Bantama, amefiwa na mumewe. Nikaandika pole pole, herufi moja moja. Pap! Mlima. Bibi wa watu akaniambia, "Usijali baba, hata alipokuwa hai alikuwa mgumu." Haya niambie, mikono yangu nayo ina njama na Barima?

Halafu sikia hili. Jana nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti. Nikiwa sipo, Barima alimtengenezea bango rafiki yake waliosoma pamoja, yule kocha wa mpira, pikipiki imemwua. Akaweka kichwa "Mshtuko Mkubwa", akabonyeza, bango likatoka bila ubishi wowote. Ndilo pekee lililokubali tangu uondoke. Barima anaapa kwamba hata yeye alishangaa.

Madam Dufie alivuka barabara kuja kunipa pole ya kinafiki. "Mzee Boakye," akasema, "hawa vijana wa kompyuta wanafunga kamba chini ya meza. Ukiwahitaji wanailegeza, ukiwasahau wanaivuta." Nilimwambia arudi kwake. Amerudi, maneno yake yamebaki.

Kama kuna kamba, ifungue. Sitauliza ilifungwa lini.

Mjomba wako,
Boakye


Tema
12 Machi 2023

Shikamoo mjomba.

Afya ipo, usingizi haupo. Hakuna kamba. Niliandika programu ile nikiwa chuoni ili upumzike kukata na kubandika picha kwa gundi, na sikuwahi kukudai hata soda. Leo Madam Dufie, ambaye hajui hata kuwasha kompyuta bila kuita mtu, ndiye anakufundisha mimi ni nani.

Hebu nikuulize wewe. Bango pekee lililotoka ni la rafiki yake Barima, na lilitoka siku ambayo hukuwepo. Hapo huoni kitu? Au mtoto uliyemzaa hatazamwi, anatazamwa wa dada tu?

Tuyamalize kwa njia rahisi. Nitumie mabango yaliyogoma: majina, tarehe, kila kitu kama mlivyoandika. Nitayaandika hapa hapa. Yakigoma na kwangu, nitalijua tatizo. Yasipogoma, utalijua wewe.

Mpwa wako,
Antwi


Asafo, Kumasi
21 Machi 2023

Antwi,

Sisi wazima.

Marehemu wa watu si nguo za mitumba za kutumiana. Wenyewe walinipa majina yao kwa kuniamini, na sasa sijui nani ni wa kuaminiwa. Sitatuma.

Barima amepata programu nyingine kwa rafiki yake. Mbaya, picha zinatoka nyuso zimevutwa kama chapati, lakini haijifungi. Tutaitumia hiyo.

Pasaka ni tarehe tisa. Nimemwambia mkuu wa ukoo kwamba nina neno juu yako. Jiandae kulijibu.

Boakye Ansah


Tema
27 Machi 2023

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeona hukuandika "mjomba wako" pale chini. Imeniuma kuliko hilo neno ulilompelekea mkuu wa ukoo. Hata hivyo natumaini goti limetulia na nyumba ni salama.

Nimelipata tatizo. Nisome mpaka mwisho, kisha uamue unavyotaka.

Kila nilipokasirika nilikuwa narudia barua yako ya kocha, nikitafuta ushahidi wa kumfunga Barima. Juzi nikaona kile kichwa cha bango: "Mshtuko Mkubwa". Mjomba, kichwa hicho hatumwekei mzee. Mzee tunamwandikia "Ameitwa Utukufuni". Mshtuko ni wa kijana. Yule kocha alikuwa kijana, na wengine wote waliogoma, baba wa wale watoto, mume wa bibi wa Bantama, walikuwa wazee.

Nikajiuliza, mbona wangu hawagomi? Nikafungua orodha ya marehemu wangu wa kubuni. Wote nimewaandika wamezaliwa mwaka 2000. Wote! Sikupanga. Mkono wenyewe ulikuwa unakwepa. Nani atakaa chumbani peke yake aandike mtu wa umri wako, halafu chini yake aandike amekufa? Hata kwa jina la uongo, najua ningekuwa nakuandika wewe. Basi nikaua watoto wa kubuni, maana hao hawakuwa na sura.

Ilinibidi nijaribu mzee, na aliyekwisha kwenda, nisimwitie kifo aliye hai. Nikamwandika Mama. Serwaa Akyaa, aliyezaliwa 1961. Tangu tumzike sijawahi kuliandika jina lake pahali popote. Nikabonyeza, programu ikajifunga. Nililia, mjomba, na huku nafurahi. Sijui mtu anafanyaje vyote viwili.

Sababu ni hii. Kompyuta huhesabu siku kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Aliyezaliwa kabla ya hapo huhesabiwa kwa kurudi nyuma, chini ya sifuri. Linux ilikuwa inarudi nyuma bila neno. Kwa njia ile ile ya kuuliza, Windows hairudi. Ukiiuliza tarehe ya chini ya sifuri haikupi jibu lolote, inanyoosha mkono mtupu. Nami sikuiambia programu itazame kwanza kama mkono una kitu, ikawa inapokea hewa na kujaribu kuisoma. Ndipo inapokufa. Kosa ni la uandishi wangu. Siyo la mashine wala la Barima. Mwambie naomba anisamehe, nami nitamwambia mwenyewe nikija, kama nitaruhusiwa kuja.

Nimerekebisha na nimeituma kwenye kompyuta ya duka. Ijaribu kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1970. Mama sasa anatoka vizuri.

Mpwa wako daima,
Antwi


Asafo, Kumasi
31 Machi 2023

Mpwa wangu Antwi,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, nimeacha kulilalamikia.

Kwanza nikugombeze. Dada yangu alishapumzika, hukuwa na ruhusa ya kumwandika tena. Nilifoka nikiwa peke yangu, kisha nikaketi stoo kwenye marundo ya karatasi nikamlilia. Barima akadhani ni goti.

Pili, sikukuamini. Nilijiambia, kijana ameona Pasaka inakaribia, ameilegeza kamba na kunipa hadithi nzuri ya mwaka 1970. Nikasema nitaijaribu, lakini kwa nani? Mbele ya mteja sithubutu tena. Waliozikwa siwaamshi. Nikakaa kitini nikaandika Boakye Ansah, aliyezaliwa 14 Juni 1949.

Barima alipoona akakimbia akipiga kelele hadi barabarani, "Baba, acha! Baba, unajiita!" Nikaweka siku ya kufa, tarehe ya jana. Nikafumba macho nikabonyeza.

Nilipofumbua nilikuwa mimi pale, miaka sabini na mitatu, nimeitwa utukufuni. Sikuona mlima. Ikataka majina ya watoto, nikajaza. Ikataka mjane, nikajaza. Ikataka mrithi kimila, hapo nikasimama kidogo. Barima alikuwa amesharudi, yuko nyuma ya kiti changu, nasikia anavyohema. Sikugeuka. Nikaandika jina lako, lote, na la mama yako juu yake.

Sijui Barima alikuwa anawaza nini, na sikumwuliza. Mkuu wa ukoo nimempigia simu kwamba neno langu la Pasaka limebadilika, kwa hiyo panda basi mapema, mabasi ya sikukuu unayajua.

Mwishowe Barima akasema, "Haya Baba, futa basi, kabla Madam Dufie hajachungulia." Akanyoosha mkono afute mwenyewe. Nikamshika kiganja nikamwambia, "Jina langu lifute. Hilo la mrithi liache."

Mjomba wako,
Boakye