Mkwe Aliyeitwa Kupimwa Kiuno

Mkuyuni, Mwanza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na mihogo, imewahi kukauka kabla ya mvua? Sisi huku wazima, ila uso wangu sina pa kuuweka.

Unajua nashona peke yangu. Mwanangu Masanja, tangu asomee kompyuta, anawatungia watu kama mimi, wasio na karani, programu inayofanya kazi yenyewe. Akaanzia kwangu. Aliingiza daftari langu lote la vipimo. Kila Ijumaa mashine inamtafuta mteja aliyepotea, inamwandikia barua, inaichapa. Mimi napiga muhuri tu, Masanja anapeleka posta. Nilijivuna, dada. Nikiulizwa nasema nina karani asiyekula.

Sasa, mume wa binti yangu kwenye daftari nilimwandika "mwenye nyumba wa Kabula". Vipimo vya mumewe anavileta Kabula mwenyewe. Jina la mkwe nitalitajaje? Masanja akadhani nimesahau, akajaza jina kamili. Mashine ikamwandikia, kwa muhuri wangu: njoo dukani tukupime kiuno upya.

Na yeye kwa heshima akaiacha kazi yake Nyegezi siku hiyo, akaja. Nilipomwona nikajificha nyuma ya vitenge. Akageuza mgongo, akasema akitazama barabara, "Mama ameniita. Nimekuja."

Kumjibu siwezi, kutoka siwezi. Alisimama juani muda mrefu, ndipo akaondoka. Tangu hapo Kabula hajakanyaga hapa, na mimba yake ina miezi minane. Mjukuu nitampokeaje?

Nikamficha hata Masanja. Ila sasa barua nazisoma zote, kidole chini ya kila neno. Ijumaa hii ikatoka nyingine ya mkwe: tulikusubiri, hukufika. Dada, nililia. Ndipo nikamweleza Masanja. Akashika kichwa, akasema ataifundisha mashine mkwe ni nani. Nikamwambia simlaumu, muhuri ni wangu, na sikusoma.

Mwombe shemeji avuke ziwa pale Busisi akaongee na mkwe, maana wewe nawe ni mkwe wake kama mimi. Barua hiyo ya pili nimeifunga humu, aichane mbele yake. Amwambie alifika, nilimwona. Ni mimi ambaye sikutoka.

Nisalimie mama mkwe wako, na shangazi msuka mikeka asisikie habari hii.

Mdogo wako anayekungoja,
Mama Kabula