Mapeasi Magumu Kwenye Sahani ya Keki

Mpendwa Shangazi Tusekile, shikamoo, na ndaga, maana ndivyo nilivyofundishwa kusalimu huku. Naomba msaada wako kabla msumeno haujafika, na naomba usinicheke, kwa sababu mume wangu ameshacheka vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ikuti, kwetu ni Kilosa, nimeolewa na Ambwene, mtu wa hapa hapa, na tunaishi kwenye kiwanja cha baba yake, Mzee ………, yeye upande wa juu na sisi upande wa chini, katikati kuna migomba na mti mmoja mkubwa wa mapeasi ambao marehemu mama mkwe aliupanda akiwa bibi harusi. Tangu mama afariki mwaka juzi hakuna anayeugusa, na mti wenyewe Shangazi unazaa mpaka matawi yanainama, mapeasi yanaanguka kwenye matope, nguruwe wanakula mpaka wanachoka, sasa Ambwene anasema hauna faida, ukatwe apande parachichi, na miche ameshainunua iko kwenye mifuko pembeni ya jiko, anasubiri tu baba yake aseme ndiyo maana ardhi ni ya mzee. Mimi ule mti naupenda. Siku nilipoletwa hapa ulikuwa umechanua mweupe wote, na vitu vingine vyote siku ile niliviogopa.

Basi nikasema nitautafutia kazi. Nimepika jamu ikawa uji mchachu, nimetia kwenye maandazi yakalowa katikati, na kinachonishangaza ni kwamba nachuma yale ya njano kabisa, yaliyoiva juu ya mti, siokoti chini, nje linang'aa lakini ukilikata moyo umeshakuwa kahawia na nyama yake inasagika mdomoni kama unga wa mahindi. Hivi tunda linaozaje kutoka ndani wakati nje halijaguswa? Na kitu kingine, stoo yetu ina tenga la mama mkwe limejaa majani makavu ya mgomba, ukiliinamia unasikia harufu tamu sana, nilimuuliza Ambwene akasema ni takataka za mama, niachane nazo.

Siku moja nikachagua vipande vizima vizima, nikavichemsha na tangawizi na mdalasini, nikaoka keki ya sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko, ikatoka nzuri mpaka nikaizunguka mara mbili kuitazama, nikasema hii lazima baba aionje kabla hajakubali mti ukatwe. Kawaida chakula cha mzee anapeleka wifi yangu Esnath, lakini amekwenda Kiwira kumwangalia binti yake aliyejifungua, na Ambwene alikuwa shambani anachuma chai, basi nikabeba mwenyewe. Nilishaambiwa kwamba huku mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wala hataji jina lake, lakini nikadhani ni mambo ya zamani, nyumbani kwetu mama alimpakulia babu mzaa baba kila siku wakaongea mpaka chai ikapoa. Nikamkuta barazani, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo baba, Mzee ………, nimekuletea keki." Shangazi, aliinuka, akazunguka nyuma ya nyumba akatokomea migombani na kandambili moja, nyingine ikabaki pale karibu na kikombe chake. Niliweka sahani nikarudi nalia.

Kesho yake asubuhi nikaikuta sahani mlangoni mwa jiko, imeoshwa, na juu yake mapeasi mabichi, magumu, ya kijani, yote na vikonyo vyake, yamefunikwa jani la mgomba. Hakuna salamu wala ujumbe. Ambwene alicheka akasema, "Mzee amekujibu. Hayana kazi, hata yeye anajua." Jumamosi analeta mtu wa msumeno.

Je, baba amenikataa? Mti ndio basi tena? Na nitamwombaje radhi mtu ambaye nikimsogelea anakimbia?

Anneth, Ikuti

SHANGAZI TUSEKILE ANAJIBU

Anneth mwanangu, marahaba. Sikukucheka. Pale kwenye kandambili nilicheka kidogo, hapo unisamehe.

Nianze na kukugombeza nimalize. Zile nukta kwenye barua yako nimeziweka mimi. Kila ulipoandika jina la baba mkwe wako nimelifuta, kwa sababu Ikuti gazeti hili linasomwa, na mzee akikuta mkwe wake anamtaja mbele ya wilaya nzima safari hii atakimbia mpaka Malawi. Uliambiwa humtaji, ukamtaja barazani, halafu ukaja kumtaja na kwangu. Nyumba nyingi siku hizi wameyaacha haya, nyumba nyingine hawajayaacha, na kazi yako ilikuwa kuuliza ya kwenu iko upande gani. Unachunguza peasi linaozaje ndani, hilo ukashindwa kuuliza? Haya, yamekwisha.

Sasa nisikilize. Mzee hakukukimbia kwa chuki. Mtu anayekudharau angekaa pale pale akamalizia chai yake. Yeye amekuachia baraza, kikombe na kandambili, kwa sababu wewe kwake ni mke wa mwanawe kweli kweli na hiyo ndiyo heshima anayoijua. Inachekesha, lakini ni heshima.

Na keki ameila. Hakuna mwanaume anayeosha sahani ya keki asiyoila.

Tuje kwenye mapeasi, na hapa nakuomba usimpe Ambwene kazi ya kukutafsiria, mtu ana miche kwenye mifuko. Mimi nimezaliwa Kisondela, mti huo tulikuwa nao nyuma ya nyumba. Peasi ukiliacha liive juu linaoza kuanzia moyoni, na ile njano inakudanganya. Linachumwa likiwa gumu vile vile, unaliinua kwa mkono mpaka kikonyo kinaachia, kisha unalivundika ndani. Ndizi mnavundika kila siku hapo kwenu, ila peasi vijana mnalisubiri liwe kama la kwenye picha. Lile tenga la stoo unaloambiwa takataka, mama mkwe wako alikuwa anavundikia humo. Ndiyo harufu unayoisikia.

Kwa hiyo sahani yako imerudi na jibu la swali ambalo mzee hakuruhusiwa kulijibu kwa mdomo. Ameonja keki yako, akajua mpishi ni mzuri na mapeasi ni mabovu.

Fanya hivi. Kama hujayatupa, yapange kwenye tenga leo hii, majani chini, majani juu, lenye jeraha lisikae na mengine. Kila asubuhi libonyeze moja kwa kidole gumba karibu na kikonyo, si tumboni, na siku litakapobonyea, oka. Yanayobaki kata vipande, chemsha na tangawizi na sukari kidogo, utakuja kuniambia. Sahani usiibebe wewe tena. Ambwene ana miguu, aipeleke yeye, akae na baba yake mpaka keki iishe, na suala la mti aliulize palepale, mzee akiwa bado anatafuna. Parachichi atafute pa kuzipanda, Ikuti ni kubwa. Radhi usiombe, mzee hakudai.

Mtu wa msumeno akija Jumamosi mpe chai arudi kwake. Mzee wa umri ule amepanda ngazi, amechagua peasi moja moja kwa mkono, na anayetaka mti ukatwe haupandi. Mkewe alipokuwa hai, naamini mzee ndiye aliyekuwa anachuma na mama anavundika. Mama alipoondoka, mzee akaacha kuchuma, maana angemchumia nani? Ndiyo maana yalikuwa yanaanguka kwenye matope.

Wiki hii amechuma. Tenga liko stoo, Anneth.