Vumbi la Ovaroli

Jumanne, 10 Februari 2004
Picha ya eksirei imetoka. Si TB! Miezi yote ile nimemeza dawa bure, nikijificha majirani wa hapa Kitengela wasije wakadhani ni ule ugonjwa mwingine. Daktari akauliza nimewahi kufanya kazi gani. Kiwandani? Kwenye machimbo ya mawe? Nikamwambia mimi ni mama wa nyumbani, vumbi langu ni la unga. Hakucheka. Akauliza mume wangu je.

Jumatano, 11 Februari
Sikulala. Daktari alinieleza polepole: asbesto ni nyuzi ndogo mno, jicho halizioni. Ukizivuta zinakaa mapafuni miaka na miaka, mapafu yanakakamaa. Dawa ya kuzitoa hakuna. Nisivute tena vumbi hilo, basi.

Na nilikuwa nikiikung'uta ovaroli ya mume wangu chumbani, madirisha yamefungwa! Otiende aliwaambia watu wetu yeye ni karani. Asubuhi anatoka na tai, jioni anarudi na tai, ovaroli ya kiwanda cha mabati ya asbesto iko ndani ya mkoba. Ningeianika nje, wapangaji wa ploti nzima wangejua. Kwa hiyo nafua ndani, naanika ndani. Heshima ya tai! Najuta.

Jumapili, 15 Februari
Otiende ameuliza daktari alisema nini. Nikasema ni kifua tu. Kanipikia uji mwenyewe, una madonge. Yeye hata kukohoa hakohoi. Namwonea hasira, halafu namhurumia. Akijua ni ile ovaroli, itammaliza.

Jumamosi, 21 Februari
Lori limeshusha mzigo. Rafiki yake Kahiga amebomoa nyumba kuukuu kule Kisaju, kampa mabati ya asbesto. Otiende ana raha! Ananijengea banda la kuku, eti nipate kazi ya kukaa. Nimemwambia aache, kelele zinanisumbua. Akacheka, akachukua msumeno.

Vumbi jeupe limejaa uani. Akamwita Elsie, kitinda mimba wetu, mdogo wake Melvin, amshikie bati. Nilitoka mbio nikamvuta Elsie mkono. Pumzi ikakatika, nikashika ukuta. Otiende akashangaa:

"Mama Melvin, kwani hii vumbi iko na nini? Mimi nimeikula miaka kumi na niko sawa."

Nimejifungia chumbani. Msumeno umenyamaza — sijui ni kwa muda gani. Anagonga mlango. Anauliza polepole kama kuna mahali amenikosea. Nisiposema, msumeno utaanza tena, na Elsie yuko uani.