Museme Muko Batano

Jumatano, 4 Septemba 2013
Misiera, kambi ya wakimbizi

Leo Cyiza ameomba maji! Kwa mdomo wake! Ana miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu. Mwezi mzima nimemwimbia kwenye kinanda cha kanisa: ni-pe ma-ji, sol-mi-sol-mi, mpaka wanakwaya wangu wakaniuliza kama nimeishiwa nyimbo. Leo nimeficha kikombe, nikabonyeza sol peke yake, nikanyamaza. Akatazama ukuta. Halafu — ni-pe ma-ji. Safi kabisa. Nimelia mbele ya waimba besi. Aibu tupu!

Daktari wa Mbarara alituambia, mimi na Mariette, mama yake: si pepo, si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ni autisme, usonji, amezaliwa nayo. Mfundisheni kwa kile anachokipenda. Basi anapenda noti za muziki.

Nimekimbia hadi kwenye nyanya za Mariette, njia ya Base Camp, kwenye ofisi za kambi. Nilidhani ataruka. Akapanga nyanya zake upya. "Kwako anasema, Mwalimu," akaniambia. "Kwangu anapiga makelele tu." Nimeudhika naye. Mama gani huyu?

Jumanne, 10 Septemba

Sasa hanyamazi! Anachokisikia anakirudisha, kwa noti ileile ya aliyekisema. Leo amemrudisha mchungaji Gad akitangaza harusi, na kikohozi chake katikati. Kwaya nzima hoi kwa kicheko. Anaelewa yote anayoyarudisha? Sijui. Lakini hakosei.

Nimemsimulia Appolinaire. Mume wangu siku hizi anauliza habari za Cyiza kuliko za kwaya. Ametoka kwa Sebagabo, baba yake Cyiza, kuwasaidia karatasi. Wana mahojiano ya kwenda Amerika Jumanne ijayo. Watu wote wa huku kwa karatasi wanamwendea yeye. Penseli mezani mara mbili, ko-ko, halafu "voilà" yake ya Kifaransa, ndipo ushauri unaanza. Miaka kumi na tisa ya penseli hiyo, kichwa changu!

Wakienda, Cyiza anaenda. Nimeandika, basi. Sitaki kulifikiria.

Jumamosi, 14 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Baada ya mazoezi tulibaki wawili. Cyiza akachukua ufunguo wa kanisa, akagonga benchi. Ko-ko. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa:

"Voilà. Museme muko batano. Cyiza musimutaje. Kule banaogopa bagonjwa, dosie yenu ya Amerika italala. Atabakia kwetu."

Nikahesabu. Sebagabo, Mariette, watoto wanne. Sita. Nikahesabu tena kwa vidole, kama mjinga.

Akarudia. Noti zilezile. Ni noti za mume wangu — nazijua kuliko za kinanda. Nikashika ufunguo ule, ukanidondoka. Cyiza akauokota, akagonga tena.

Jumapili, 15 Septemba

Sikuimbisha. Nimesema nina homa.

Appolinaire hakukana! Nilitegemea akane. Kadi yetu ya posho huwa anaibeba yeye, anaiweka ndani ya Biblia. Akaitoa, akaifungua mbele yangu. Watu watatu. Yeye, mimi, Cyiza. Tangu mwezi wa sita, tulipohesabiwa upya. Aliwaambia waandikishaji Cyiza ni yatima wa ndugu yake! Mahindi yake nimeyala miezi mitatu na sikujua.

— Nani alikuambia kule wanaogopa mtoto kama huyu?
— Bantu banasema.
— Nani?
— Bantu, Sidonie.

Bantu! Watu tu! Hakuuliza ofisi yoyote. Halafu akasema, polepole, bila penseli: "Si ulitaka mutoto? Nilikufanyia weye."

Nilimrushia sahani. Ya plastiki, haikuvunjika.

Lakini linalonitisha si hilo. Nilipoona jina lake chini ya langu, kabla hasira haijafika, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mara moja tu. Niliusikia. Mungu wangu, mimi ni mtu gani?

Jumatatu, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Mariette. Hakulia. "Tangu mwezi wa sita nilikuwa nasita. Ni weye ulikuja unakimbia kuniambia anasema kwako. Nikaona Mungu amechagua. Na wale wenzake watatu, niwafungie njia?"

Nikamwambia hakuna anayejua kama njia inafungwa, hata Appolinaire hajui, aulize kesho mwenyewe. Akaendelea kupanga nyanya.

Nimeichukua kadi ndani ya Biblia. Kesho nitakuwa Base Camp, na Cyiza, ambaye usiku huu wamemwacha kwetu.

Jumanne, 17 Septemba
Base Camp, benchi la nje

Tulifika mapema. Sebagabo aliponiona na mtoto, akageuza shingo. Cyiza akakaa kati yangu na Mariette.

Wameitwa. Askari wa mlangoni kauliza wangapi. "Batano," Sebagabo kajibu. Akaingia, watoto nyuma yake. Mariette akawa wa mwisho.

Ndipo Cyiza akaimba. Sauti nyembamba, ya juu, ya mwanamke:

"Unisamehe, Cyiza yangu. Unisamehe."

Na kwikwi ya kilio katikati! Kwikwi ileile, mahali pake, kama kile kikohozi cha mchungaji. Mara tatu. Na mimi niliandika humu: mama gani huyu!

Afisa katoka. Mganda, kalamu sikioni. "Nani naimba? Toto ya nani hii?"

Karudi ndani kuchukua karatasi, kasema akitoka tena anataka jibu. Naandika haraka. Kadi iko mfukoni. Nikisema ni wangu, karatasi itanikubalia. Mariette yupo mlangoni, hajaingia, hajatoka, kakumbatia chupa yake ya maji kifuani.

Cyiza ananivuta kitenge. Ni-pe ma-ji. Jua ni kali, ana kiu kweli.

Mimi sina maji. Nimemgeuza mabega, taratibu, aelekee mlangoni, kwa mama yake. Nimempa sol kwa mdomo, nikanyamaza.